Kituo cha Chumbani kwa Bibi

Binti aliingia uani akiwa na kiatu kimoja mguuni. Kingine alikishika mkononi, mkanda umekatika, na hakuonekana kusikitika hata kidogo. Mama yake, fundi cherehani, alimwona kupitia dirishani akawaza kwamba mtoto huyu ama ameshinda kitu ama amerukwa na akili, na kwa kuwa ada ya chuo ilikwisha kulipwa, akaomba liwe la kwanza.

"Nimepata," binti akasema akihema.

"Umepata nini? Mchumba?" Sauti ilitoka chumba cha nyuma, kwa bibi mzaa baba. Masikio ya bibi yalikuwa mazima kabisa. Miguu ndiyo iliyostaafu, tangu siku alipoteleza bafuni, na kuanzia hapo chai ilimfuata kitandani, na uji, na maji ya kunawa, na mtu wa kumkuna mgongo.

"Nafasi, bibi. Ya utafiti. Likizo yote hii nitakuwa kwenye taasisi ya bahari na ardhi, na watafiti wenyewe."

"Watakulipa?" mama akauliza. Mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani.

"Nauli. Na chakula cha mchana."

"Na jioni utakuja kula huku."

"Mama, tuliomba wengi tukachukuliwa wachache. Kila mmoja anapewa kifaa cha kusikiliza ardhi, anakaa nacho nyumbani kwao, kwa sababu wanataka masikio yaliyotawanyika pwani nzima. Chini ya bahari kuna ufa. Ukijongea kidogo tu, kifaa kinasikia. Na mwisho wa likizo, wale ambao vituo vyao vimefanya kazi vizuri wanapanda meli." Hapo sauti yake nayo ikapanda. "Meli ya utafiti, mama. Wanakwenda kushusha vifaa kwenye sakafu ya bahari yenyewe."

Mama aliacha kukanyaga. Si kwa sababu ya meli.

"Umesema kifaa kinakaa wapi?"


Profesa alikuja mwenyewe kuikagua nyumba. Alikuwa mwanamke mfupi, nywele amezikata zote, uso umeiva kwa jua la baharini. Wanafunzi walimwita Mama Kina, ila tu pale walipokuwa na hakika kwamba hawasikii. Alizunguka sebule, ambayo ndiyo ilikuwa kiwanda cha mama, akigonga sakafu kwa kisigino hapa na pale kama mtu anayechagua tikiti maji. Mama alimfuata nyuma akiokota vipande vya kitambaa na kuvisukumiza chini ya kochi, kana kwamba mgeni amekuja kupima uchafu.

"Nataka chumba chenye saruji tupu, kisichopitwapitwa na watu," Profesa akasema.

"Changu," bibi akajibu kutoka ndani kabla hajaulizwa. "Mimi sitembei."

"Hata kidogo, bibi?"

"Hata kidogo. Mimi nikitaka kugeuka upande, nyumba nzima inaitwa."

Basi kifaa kikawekwa kwenye kona ya chumba cha bibi. Kilikuwa kitu cha chuma cha mviringo, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, na waya wake uliingia kwenye kisanduku kilichopeleka habari taasisi kwa mtandao wa simu. Juu yake Profesa alifunika beseni la bluu ili upepo usikiguse. Bibi, aliyetarajia kitu chenye taa na milio, alisema wazi kwamba ametapeliwa.

"Kinakaa juu ya saruji, ngozi kwa ngozi," Profesa akamwambia binti. "Asikiguse mtu. Asikisogeze mtu. Na tafadhali, asikifanyie usafi mtu."

Wakati wa kutoka alisimama mbele ya cherehani.

"Na hii?"

"Hiyo ndiyo inayotulisha," mama akasema.

"Itasikika."

"Itapumzika," binti akadakia. "Likizo hii hakuna kazi nyingi."

Mama alimtazama binti yake jinsi wateja wanavyomtazama yeye anapowaambia kitambaa hakikutosha.


Baba wa nyumba hiyo alikuwa kinyozi, na kinyozi akiwa na habari hanyoi, anahutubia. Siku ile ile saluni yake yote ilijua. Aliyesikiliza kwa makini kuliko wote ni yule waliyemwita Kipara, ambaye hakuwa na hata unywele mmoja wa kunyolewa lakini alifika kila siku na kukalia kiti cha wateja.

"Binti yangu sasa anasikiliza chini ya bahari," baba akasema.

"Samaki wanasemaje?"

"Samaki hawahusiki. Kuna ufa."

"Ufa hata hapo ukutani kwako upo, na mwaka wa ngapi huu hujaufanyia utafiti."

Watu wakacheka, baba naye akacheka, maana siku hiyo hakuna ambalo lingemuudhi.

Huko taasisi, binti alikaa mbele ya kompyuta pamoja na mwanafunzi mwenzake, kijana aliyeitwa Miwani, na kila asubuhi walifungua mistari ya vituo vyao. Binti hakujua kama nyumba yao ilikuwa na mambo mengi kiasi kile. Lori likipita barabarani, mstari ulinenepa. Mlango wa uani ukibamizwa, mwiba. Cherehani ya mama ilichora meno ya kitana, yamepangana vizuri, mpaka aliweza kujua pindo limeishia wapi na uzi umekatika saa gani. Aliona fahari kama mtu aliyeonyeshwa picha ya kwao kutoka angani.

Ila kulikuwa na jambo moja. Kila mchana, mama anapokwenda kununua uzi, vishindo vidogo vilijitokeza. Laini, vya kunyata, kwenda, kisha kimya, kisha kurudi.

"Mchana kwenu kunabaki nani?" Miwani akauliza.

"Bibi tu."

"Ambaye hatembei."

"Hatembei."

"Basi kuna mtu anamtembelea hizo hatua kwa niaba."

Jioni binti aliketi ukingoni mwa kitanda. "Bibi, humu ndani mchana kuna kitu kinatembea."

"Panya," bibi akasema.

"Panya wa kilo ngapi, bibi?"

"Mke mwenzangu, mtafiti ni wewe. Kampime."


Mambo yaliharibika kwa sababu ya heri. Mwalimu mkuu wa shule moja alifika na majora ya kitambaa ndani ya gari lake, akasema fundi wake amemkimbia na darasa zima la wanaoanza halina sare, na shule inakaribia kufunguliwa. Mama alikubali kabla mgeni hajamaliza kueleza. Mwenye nyumba alikuwa ameanza kuwasalimia bila kutabasamu, na mama aliijua maana yake.

"Mama, niliahidi itapumzika," binti akasema usiku huo chakula kikiwa mezani.

"Uliahidi mguu wa nani?"

"Profesa ameshaniuliza kuhusu kelele. Mstari wangu ndio mchafu kuliko yote. Wakisema kituo hakifai wanakihamishia kwingine, na mimi meli basi."

"Na mimi nikisema sare hazifai, tutahamia wapi sote na kituo chako?"

Baba alitafuna taratibu, akitazama sahani kama mtu anayesoma. Hakuna aliyemwuliza maoni, na alishukuru.

Mama hakuwa mtu mgumu. Alimwona binti yake akisukuma chakula pembeni. Asubuhi, binti alipoondoka, alikaa mbele ya cherehani akafikiri kifundi. Kitu kikigusana na kitu kikaumiza, unaweka bitana katikati. Mabega ya koti, unaweka sponji. Basi tatizo liko wapi? Alichukua sponji iliyobaki kwenye mto wa kochi, akaivisha kitambaa cha sare, akapiga mistari ya kuishikilia isicheze, na kwa kuwa hakuweza kujizuia, akaizungushia utepe pembeni. Kisha akaingia kwa bibi, akainua beseni la bluu, akakinyanyua kifaa kwa mikono miwili kama mtoto aliyelala, na kukitandikia.

Bibi alifuatilia yote kutoka kitandani. "Unafanya nini, mwanangu?"

"Nakiwekea mto. Kelele zangu zikizidi, mtoto ananyang'anywa meli."

"Na ardhi itasikika?"

"Ardhi ni kubwa, mama. Itapita tu. Cherehani ndiyo ndogo, itazuiwa na sponji."

Bibi alitafakari. "Kwa hiyo kitu kingine chochote kidogo kinachotembea humu ndani, hakitasikika?"

"Hakitasikika."

"Una akili sana," bibi akasema. "Ongeza na kipande kingine hapo pembeni."


Mstari wa kituo cha chumbani kwa bibi ulitulia kama maji kwenye ndoo. Binti aliuangalia, akaufunga, akaufungua tena. Meno ya kitana yamepotea. Panya amehama. Aliporudi nyumbani akamkuta mama bado anakanyaga, sare zimerundikana mpaka dirishani.

"Mama, umefanyaje?"

"Nakanyaga taratibu."

Binti alimkumbatia kwa nyuma mpaka uzi ukakatika. Na huko taasisi Profesa alisimama mbele ya wote akasema kituo kisafi kuliko vyote ni kile cha chumbani kwa bibi. Miwani alipiga meza kwa furaha. Binti alirudi nyumbani kwa miguu, akaiacha nauli mfukoni, kwa sababu kukaa kwenye kiti asingeweza. Alikwisha kuanza kufikiria avae nini melini.

Halafu asubuhi moja redio ikatangaza kwamba tetemeko dogo limetokea baharini, wala halikusikika kwa binadamu, bali limenaswa na vifaa vya taasisi. Baba alizima mashine ya kunyolea, kichwa cha mteja kikabaki nusu kimenyolewa nusu bado.

"Mmesikia? Vifaa. Kimoja kiko kwangu."

"Binti alilisikia?" Kipara akauliza.

"Alikuwa wa kwanza."

"Amekwambia?"

"Mambo kama hayo mzazi anajua tu."

Wakati huo huo, binti alikuwa amesimama mbele ya ukuta ambao Profesa alikuwa ameangazia mistari ya vituo vyote, mmoja juu ya mwingine. Kila mstari, saa ile ile, uliruka. Wa Miwani uliruka kama mbuzi. Wa binti, ambaye nyumba yao ndiyo ilikuwa karibu zaidi na ufa, ulikuwa umelala, na mahali pa tetemeko palikuwa na kivimbe kama pale mtu alipoumwa na mbu.

Mtu nyuma alicheka puani.

"Ulikizima?" Profesa akauliza.

"Hapana, Profesa."

"Mistari misafi hivi nimeshaiona. Mara nyingi mwenyewe amechoka kuangalia kituo, akaamua kuchora mstari wake mwenyewe."

"Sijachora."

"Nyumba yenye watu haiwezi kunyamaza hivi. Mimi nilikusifu, kwa hiyo na mimi nimeaibika." Alizima taa ya ukutani. "Nenda kaangalie. Ukirudi, rudi na ukweli. Ukirudi na kingine, kifaa kinahama, na meli utaipungia mkono ukiwa nchi kavu."


Binti hakumsalimia mtu. Alipitiliza mpaka kwa bibi, akapiga magoti, akainua beseni. Kifaa kilikuwa kimekaa juu ya mto wa rangi ya sare, mishono imenyooka, utepe umezunguka pembeni, kama bwana harusi kwenye kiti cha heshima. Kando yake kulikuwa na kimto kingine kidogo, cha akiba.

Bibi alijifanya amelala. Alikoroma, lakini kwa haraka mno.

Mama alisimama mlangoni, pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Ni wewe, mama?"

"Mtaa huu nani mwingine anapiga mshono kama huo?"

"Kilitakiwa kukaa juu ya saruji."

"Nilitaka kisinisikie mimi."

"Kisipokusikia wewe, hakiisikii na ardhi. Kinasikia kwa kugusa. Umekiziba masikio, halafu mimi nikaulizwa nani amebisha hodi." Binti alitaka kulia, lakini macho yake yalirudi kwenye utepe, na kicheko kikamtoka kabla ya machozi, kisha vikatoka vyote pamoja.

"Wamekucheka?"

"Wameniuliza kama nimechora."

Hilo lilimwingia mama kuliko sindano yoyote iliyowahi kumchoma. Kuambiwa umekosea, sawa. Kila fundi hufumua. Lakini mtoto wake kuitwa mwongo kwa sababu ya mto alioushona yeye? Alikaa chini sakafuni, karibu na binti.

Baba alirudi akiwa na tabasamu la saluni bado usoni. Walimweleza. Tabasamu likaondoka polepole.

"Kipara atanimaliza," akasema.


Kesho yake mama alivaa gauni lake la kutokea, akautia mto ndani ya mfuko, akaenda na binti mpaka taasisi. Mlinzi wa getini alimwuliza kama ameleta mboga za jikoni. Mama akasema hapana, ameleta ushahidi.

Mbele ya Profesa alisimama wima. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, lakini yalibaki mawili matatu. "Ni mimi. Yeye hakujua. Nilikitandikia huu." Akauweka mto mezani, kati ya ramani za bahari.

Profesa aliubonyeza. Akaugeuza. Akapitisha kidole kwenye utepe, na mdomo wake ukaanza kuchezacheza, akauzuia.

"Umeshona vizuri," akasema. "Ndiyo maana tetemeko zima limelala usingizi. Sikiliza, mama. Kelele si dhambi. Kila kituo kina kelele zake. Nikijua saa zake naziweka kando. Kinachoniua mimi ni kimya cha uongo. Ufa ule haujatulia, unaweza kujongea tena, na nyinyi ndio majirani zake wa karibu. Cherehani ifanye kazi asubuhi. Kuanzia adhuhuri mpaka jua kuzama, nipeni kimya cha kweli. Na chochote kitakachosikika saa hizo," akamgeukia binti, "uniandikie ni nini na ni nani. Bila kumficha mtu. Mkifika mwisho wa juma hivyo, jina lako linaingia melini."

"Na sare?" mama akauliza, akajuta hapo hapo.

"Sare sizijui. Mimi najua miamba."

Walipotoka, mama aligeuka kuchukua mto wake. Profesa alikuwa ameshaukalia.


Basi nyumba ikaigawa siku katikati. Asubuhi cherehani ilikwenda mbio mpaka mkanda wake ukanuka moto. Adhuhuri ilipofika mama aliitupia shuka, viatu vikavuliwa, na kazi ya mkono ikaanza: mapindo, vifungo, matundu ya vifungo. Baba alifunga saluni kila mchana akaja kukaa kwenye mkeka. Mkono wake uliozoea wembe ulishika sindano vizuri, ila ulimi wake ndio ulipata taabu, maana aliruhusiwa kunong'ona tu, na hadithi za saluni zikinong'onwa zinageuka kuwa umbea.

"Jana alasiri kulikuwa na kitu kizito," binti alimwambia jioni moja akirudi kutoka taasisi. "Mara moja tu. Nimeandika 'haijulikani'."

"Nilipiga chafya," baba akanong'ona. "Na hiyo imeandikwa?"

"Sasa nitaandika ni chafya yako."

"Andika ya kinyozi. Watu wajue."

Bibi naye alipewa sindano, kwa kuwa mikono haikuwa imestaafu. Alishona mapindo akiwa kitandani, mapindo mazuri ya zamani yasiyoonekana, na aliteseka kuliko wote. Kutoka kitandani kwake mpaka kwenye kopo la sukari jikoni ilikuwa safari fupi, lakini beseni la bluu lilikuwa pale konani, limemtumbulia macho, na sasa halikuwa na mto. Mara mbili aliushusha mguu mmoja. Mara mbili akaurudisha.

"Bibi mbona umepungua?" binti akamwuliza.

"Kazi zimekuwa nyingi."


Siku ya mwisho ya juma binti hakwenda taasisi. Alibaki nyumbani kulinda kimya chake. Zilibaki sare chache bila mapindo, na moja kubwa, ya mtoto mnene, haikuwa imeungwa hata ubavu. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa pili mwalimu mkuu aliposukuma mlango.

"Nimekuja kubeba," akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusema na uwanja mzima.

Watu watatu kwenye mkeka waliinua vidole midomoni kwa pamoja.

"Kuna mgonjwa?"

"Kuna kifaa," mama akanong'ona. "Keti, mwalimu. Zimebaki kidogo."

Mwalimu mkuu aliona shuka juu ya cherehani. "Mashine ipo, na nyinyi mnashona kwa mkono? Kesho kutwa nafungua shule. Ikanyage, nitasubiri." Na mama alipotikisa kichwa, aliongeza, sasa akinong'ona naye, jambo lililofanya maneno yaume zaidi: "Fundi, kuna wenzako kumi wanaoitafuta kazi hii. Mwaka ujao pia nitakuwa na darasa jipya. Au hutaki?"

Baba aliinamia kifungo. Binti alimtazama mama yake. Alijua hesabu yote iliyokuwa ikipita kwenye uso ule: mwenye nyumba, ada ya muhula ujao, mwaka ujao na darasa lake jipya. Ubavu mmoja wa sare, dakika chache za kukanyaga. Angeweza kumwambia, mama, shona tu, nitaandika ni cherehani. Alifungua mdomo amwambie.

"Nataka, mwalimu," mama akasema kabla yake. "Kazi naitaka sana. Lakini mpaka jua lizame, mashine hii ni ya bahari." Akachagua sindano, akatia uzi, akafunga fundo. "Ukinisaidia ubavu huu, tutamaliza pamoja."

Mwalimu mkuu aliipokea sindano kwa mshangao, kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Alitafuta pa kukaa, akavua viatu bila kuambiwa, akaketi. Mishono yake ilikuwa mikubwa, iliyolala upande. Mama aliifumua na kumrudishia. Akafanya tena.

Walikuwa hivyo, vichwa vimeinama, mkasi uliotundikwa msumarini ulipoanza kuyumba.

Hakuna aliyeugusa. Uliyumba kidogo, ukagonga ukuta, ti, ti. Kopo la vifungo likasogea lenyewe kwenye mkeka. Kisha sakafu ikapita chini yao kama mnyama mkubwa anayejigeuza usingizini, glasi kabatini zikaanza kusalimiana, na binti, ambaye likizo nzima alikuwa akiisoma ardhi kwenye kompyuta, aliisikia kwa mara ya kwanza kwa makalio yake mwenyewe.

"Msisogee," akanong'ona. Uso wake ulikuwa umewaka. "Tafadhali, mtu asisogee. Ndiyo yenyewe. Ndiyo yenyewe, mama."

Hawakusogea. Baba alishika kifungo, mwalimu mkuu alishika mkono wa baba, mama alimshika binti. Wote wanne walikaa kama picha.

Ndipo mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka kwa kishindo, na bibi akatoka. Hakutoka akijikongoja. Alitoka mbio, gauni limepandishwa magotini, sare yenye sindano bado inaning'inia mkononi, akamruka mwalimu mkuu, akaikwepa cherehani upande wa kushoto, akafika mlango wa mbele, akaufungua mwenyewe, komeo la juu na la chini, na kupotelea barabarani.

Ardhi ikatulia. Mkasi ukaacha kugonga. Walipotoka nje walimkuta bibi amesimama katikati ya barabara, majirani wamemzunguka, anahema. Aliwatazama mmoja mmoja. Akaitazama miguu yake.

"Nani amenibeba?" akauliza.

Baba alikaa chini barabarani, akajifunika uso, mabega yakamtetemeka kuliko ardhi.

"Mama," mama akasema kwa upole, akimtoa sindano mkononi asije akajichoma, "sukari imekuwa ikipungua tangu mwaka jana. Nilijua."

"Ulijua, na chai ukaniletea kitandani?"

"Ukiwa kitandani, huji jikoni kunifundisha kupika."

Bibi aliyapima maneno hayo, akaona hayana dosari, akayaacha yapite. Kisha akamvuta binti pembeni. "Mke mwenzangu, yule mama wa miamba akiuliza, mwambie panya."


Profesa aliangaza mistari ukutani siku iliyofuata. Vituo vyote vilikuwa vimeruka, lakini hakuna kilichoruka kama kile cha chumbani kwa bibi. Tetemeko lilikuwa pale zima, tangu lilipobisha hodi hadi lilipoaga, na kabla yake kimya cha kweli, kimya chenye pumzi, mpaka mshindo hafifu wa sindano iliyodondoka ungeweza kuuwazia. Miwani alisema mstari ule ungefaa kuwekewa fremu. Aliyecheka puani siku ile hakucheka.

"Sasa," Profesa akasema, akiweka kidole mahali fulani, "mwisho mwisho hapa, kuna hivi. Vishindo vya haraka sana, vinaanzia karibu kabisa na kifaa, vinakwenda mbali. Hukuandika ni nini."

Binti aliutazama mstari. Aliona meli, na aliona gauni lililopandishwa magotini.

"Panya?" Profesa akamsaidia. "Miwani ameniambia mna panya."

"Hapana, Profesa. Ni bibi yangu. Anakimbia."

"Yule asiyetembea."

"Hatembei, Profesa. Anakimbia tu."

Ukumbi mzima ulicheka, na Mama Kina alilazimika kukaa, juu ya mto wa rangi ya sare wenye utepe. Alipopata pumzi alichukua kalamu, na kwenye orodha ya wanaopanda meli akaandika jina la binti juu kabisa. Mstari wenyewe ukachapwa kwenye karatasi ndefu na kubandikwa ukumbini, na chini yake maandishi: tetemeko; kisha mshale; kisha, bibi akikimbia.

Habari hizo zilifika saluni kabla ya baba mwenyewe. Kipara alikuwa ameshakalia kiti, kichwa kinang'aa. "Nasikia mama yako yuko ukutani kwa wataalamu," akasema. "Ninyoe leo bure kwa heshima yake."

"Nikunyoe nini?"

"Hilo ni lako wewe, fundi."

Nyumbani, sare zilikuwa zimeondoka zote, na mwalimu mkuu alikuwa ameacha kitambaa cha mwaka ujao na ombi la kufundishwa mshono wa ubavu. Binti alikuwa akikunja nguo za safari, akizikunjua, akizikunja tena. Alipomaliza kusimulia, walimsubiri bibi akasirike.

"Wameandika nakimbia?" bibi akauliza.

"Wameandika, bibi. Samahani. Nisingeweza kudanganya."

"Kwa herufi kubwa au ndogo?"

"Kubwa."

Bibi akauondoa mto mgongoni, akashusha mguu mmoja sakafuni, na safari hii hakuurudisha.

"Niletee viatu," akasema. "Siku ya meli nakuja kukuaga, na huo ukuta niuone kwa macho yangu. Na msinitafutie gari. Wataniona nimeletwa."